Vitabu Viko Mchakato

Ipo nchi moja, na msiniulize iko upande gani, kwa sababu ramani yake bado haijapitishwa na wakubwa. Ni nchi njema. Haina njaa, ila mlo huchelewa. Haina wezi, ila watumishi wake hujisahau. Inaongozwa na Mtukufu Mlezi Mkuu, mtu mwenye moyo mweupe, ambaye tangu ashike usukani hajawahi kuambiwa habari mbaya hata moja, na ndiyo maana uso wake haujakunjamana kama nyuso zetu sisi tunaosikia mambo.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo ilijengwa maktaba, na ndani yake ukatengwa Ukumbi wa Watoto na Vijana. Ulipendeza mno. Ulikuwa na viti vifupi vya rangi, sakafu ya kujitazamia, na rafu za mbao kutoka chini mpaka karibu na dari. Mkutubi wake aliitwa Bi Sikudhani Malema, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, ambaye aliitamani kazi hiyo tangu alipokuwa msichana. Kilichopungua ukumbini humo ni vitabu tu. Jengo lilikuwa chini ya Idara ya Majengo, rafu chini ya Idara ya Mbao, na vitabu havikuwa chini ya yeyote, kwa kuwa kila idara ilidhani viko chini ya mwenzake.

Siku ya kufungua, Mlezi Mkuu alikata utepe, akaingia, akapitisha kidole juu ya rafu, akauliza, "Na vitabu?"

Watu walitazama viatu vyao. Ndipo akajitokeza Waziri wa Kusoma na Kusomeshwa, Mheshimiwa Gwandumi Pazi, ambaye huko kwao anasifika kwamba hajawahi kukosa jibu, hata pale alipokosa habari.

"Mtukufu," akasema, "vitabu viko kwenye mchakato."

Mlezi Mkuu akatikisa kichwa kwa furaha. Wiki ile alikwisha kuambiwa hivyo kuhusu maji, kuhusu barabara ya kaskazini na kuhusu walimu wa hesabu, na kila alipoambiwa alilala vizuri. Akatangaza kwamba siku yake ya kuzaliwa atarudi hapo kuwasomea watoto kitabu mbele ya televisheni. Akaongeza kuwa ikiwa siku hiyo rafu zitakuwa bado tupu, ukumbi mzuri namna ile usikae bure, wapewe vijana waufanye kijiwe chao. Mtu mmoja akapiga makofi peke yake.

Aliyepiga makofi alikuwa Komredi Ngwilizi Chambuso, Kijana Mkuu wa Taifa. Hapa inabidi nieleze kidogo, maana wageni huchanganyikiwa. Katika nchi hiyo ujana si umri, ni cheo. Komredi Chambuso aliteuliwa kuwa kijana wakati bendera ya taifa ikiwa bado kwa fundi cherehani, na hajawahi kuondolewa. Ana wajukuu wanaonyoa ndevu, meno yake huyavaa siku za mikutano tu, na wenzake wa Jumuiya ya Vijana wanasaidiana kupanda ngazi. Tawi lao liliezuliwa na upepo, wakawa hawana pa kuchezea karata wala pa kunywea kahawa. Kabla wageni hawajamaliza soda zao, alikuwa anazunguka ukumbini na mkongojo, akipima kwa macho mahali pa kuweka jiko la mkaa.

Bi Sikudhani alimwona akipima. Aliogopa kuupoteza ukumbi ule kuliko alivyoogopa kuipoteza kazi.

*

Kwa kuwa nchi hiyo haipendi uzembe, iliundwa mara moja Kamati ya Taifa ya Kuchagua Vitabu vya Watoto na Vijana. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Balozi Mstaafu Lutengano Shaweji, msomi aliyesoma mpaka akaacha. Vijana waliwakilishwa na Komredi Chambuso mwenyewe. Watoto waliwakilishwa na Ndugu Kitwana Tengeneza, bwana mwenye upara na kitambi, ambaye sifa yake ilikuwa haina ubishi: alikuwa mtoto wa waziri wa zamani.

Bi Sikudhani alifanywa katibu, kazi ambayo mwenyekiti aliieleza kuwa ni ya kuandika na si ya kusema. Hata hivyo siku ya kwanza alijikaza, akauliza kama haingefaa kumpata mtoto aliye mtoto zaidi kidogo. Profesa Shaweji alimjibu kwa upole kwamba nchi ina watoto wengi mno ambao baba zao hawajulikani serikalini, na kamati haiwezi kufanya kazi na watu wasiojulikana.

Bi Sikudhani alikuwa ameomba nakala za kutazama kutoka kwa wachapishaji wote wa nchi, nao wakaleta marobota. Alivipanga vitabu mezani kimoja kimoja, kwa mapenzi yote, akiwa ameshika kimoyomoyo ni mtoto gani atampa kipi. Kamati ikaanza na kitabu cha picha cha kuku na vifaranga vyake. Kilikuwa na kurasa chache na maneno machache zaidi. Kamati ilikijadili mpaka chai ya pili. Mjumbe mmoja aliuliza jogoo yuko wapi. Mwingine akasema hapo ndipo maadili yanapoharibika, kwamba mtoto anamaliza kitabu kizima bila kuona baba wa nyumba. Iliamriwa kichwa cha kitabu kibadilishwe kiwe *Kuku na Vifaranga Vyake Pamoja na Baba Yao Halali*, na yaliyomo yarudishwe kwa mwandishi.

Kitabu cha kobe anayekwenda polepole na kufika kilikataliwa kwa sababu kinadhihaki barabara. Kitabu cha alfabeti kilikataliwa kwa sababu kinaanza na A, hali ya kuwa herufi ya kwanza ya Mlezi Mkuu ni M. Bi Sikudhani alinong'ona kwamba alfabeti ndivyo ilivyo. Aliambiwa kuwa mambo mengi ndivyo yalivyo, na ndiyo maana kuna kamati.

Kisha kikafika kitabu cha fisi aliyekula akiba ya kijiji chote, halafu akawaambia wanakijiji kwamba imeliwa na mchwa. Kikasomwa kwa sauti. Kilipokwisha, kila mjumbe alicheza na kalamu yake. Mjumbe kutoka Maghala alisimama akasema amedhalilishwa, kwamba mtu yeyote mwenye macho anaona huyo fisi ni yeye. Mjumbe kutoka Hazina akaruka juu, akauliza kwa nini mwenzake apewe sifa asizostahili, wakati suala la mchwa lilibuniwa ofisini kwake, tena kwa maandishi. Mjumbe kutoka Ushirika alicheka kwa dharau, akasema wote wawili ni wageni kwenye shughuli hizo. Wakashikana mashati. Kikao kiliahirishwa, ikaundwa kamati ndogo ya kumtambua fisi halali.

Vitabu vya vijana vilikuwa na mkasa wake. Bi Sikudhani alitoa riwaya moja aliyoipenda sana, ya msichana wa sekondari anayegombea ukiranja wa bweni, akapata, akaliongoza vizuri, na mwisho wa mwaka akamwachia mwenzake. Profesa Shaweji aliisoma mpaka ukurasa wa mwisho, akavua miwani.

"Anaachia ukiranja," akasema. "Na wala haumwi."

Wajumbe walitazamana. Mmoja aliomba dirisha lifunguliwe. Komredi Chambuso, kwa niaba ya vijana wote, alisema kitabu hicho hakiwahusu. Alisema vijana wa leo wana changamoto zao. Wanataka vitabu vya maandishi makubwa, vinavyozungumzia magoti, sukari, mgongo, na namna ya kuinuka kwenye mkeka bila kusaidiwa. Mapendekezo yake yalipokewa, na vitabu vya aina hiyo vikaambiwa viandikwe.

*

Huku nyuma watoto walikuwa wanakuja. Kila siku baada ya shule waliingia ukumbini, wakamsalimu Bi Sikudhani, wakakaa kwenye viti vya rangi, wakazikodolea macho rafu tupu. Wengine walikuja na wadogo zao mgongoni. Hawakufanya fujo, na hilo ndilo lililomuumiza mkutubi, kwa sababu mtoto anayefanya fujo unaweza kumfukuza ukapumua.

Miongoni mwao alikuwapo Kidawa, binti mwembamba wa darasa la nne, msumbufu wa maswali. Siku moja alimfuata Bi Sikudhani mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, Mchakato ni mbali?"

Bi Sikudhani akainua kichwa, akauliza mchakato gani. Kidawa akashangaa kuulizwa. Akaeleza kwamba vitabu viko Mchakato, waziri alisema siku ile ya utepe. Na pampu ya kisima cha kwao iko Mchakato, mwenyekiti wa mtaa alisema. Madawati yao yako Mchakato, na mwalimu wa hesabu naye yuko huko huko tangu mwaka juzi. Neno "kwenye" alikuwa ameshaling'oa mwenyewe, kwa kuwa hajawahi kumsikia mtu akisema anaishi kwenye mji fulani. Alichotaka kujua ni umbali tu.

Sasa mtu mzima mwenye akili zake angemkalisha mtoto chini akamweleza. Bi Sikudhani alifungua kinywa aeleze. Aliona aibu. Angesema nini? Kwamba Mchakato si mahali, na hivyo vitu vyote vile haviko mahali? Mbele ya macho yale hakuweza.

"Ni mbali kidogo," akasema.

Kidawa akashukuru, akarudi kwa wenzake na habari njema. Tangu siku hiyo mji wa Mchakato ukaanza kukua. Ilijulikana kwamba una mabomba kila kona na maji hayakatiki, kwa kuwa maji ya nchi nzima yamehamia huko. Ilijulikana kuwa watu wa Mchakato wana walimu wengi kupita wanafunzi, hata walimu hukaa foleni wakisubiri mtoto wa kumfundisha. Lami ya Mchakato imewekwa juu ya lami nyingine. Ambulensi zimepaki barabarani pande zote mbili, kushoto na kulia, zikiwa zimejaa mafuta. Na vitabu, mama yangu, vitabu huko vimepangwa mpaka jikoni.

Bi Sikudhani aliwasikiliza na moyo wake ukawa mzito. Alijua ni uongo wake. Lakini pia alijua hajawahi kuwasikia watoto wakisimuliana namna ile. Kamati ilikuwa inazalisha mihtasari kwa mafurushi, kila karatasi ikiwa imechapwa upande mmoja tu, kwani upande wa pili ulikuwa haujapitishwa. Akawagawia watoto karatasi zile pamoja na vipande vya penseli. Wakaandika. Upande mmoja wa karatasi wajumbe walikuwa wanabishana juu ya jogoo, na upande wa pili Mchakato palikuwa na sherehe.

*

Ilipobaki siku moja kabla ya siku ya kuzaliwa ya Mlezi Mkuu, hakuna kitabu hata kimoja kilichokuwa kimepita. Jumuiya ya Vijana ilikuwa imekwisha leta birika la kahawa na kuliweka mlangoni. Ndipo Profesa Shaweji alipoitumia elimu yake yote. Aliwaonyesha wajumbe kwamba makosa yote yaliyogunduliwa yalikuwa ndani ya vitabu. Majalada hayakuwa na kosa. Akapendekeza majalada yapitishwe kama yalivyo, pamoja na vichwa vilivyorekebishwa, na yaliyomo yatafuata. Wajumbe walimpigia makofi wakiwa wamesimama, ukiacha kijana, ambaye goti lilikuwa limekaza.

Asubuhi ile ile majalada yakachapwa, magumu, ya kung'aa, na gari la wizara likayashusha ukumbini. Waziri Pazi aliyakagua mwenyewe, akaridhika. Alimwagiza Bi Sikudhani ayapange vizuri na kuhakikisha kesho hakuna mtu anayefungua chochote. Kitabu atakachosomewa mtoto kingekuja kutoka Ikulu kwa ulinzi.

Gari lilipoondoka, Bi Sikudhani alichukua jalada la kuku, akalifungua. Ndani mlikuwa na hewa. Akafungua la kobe, hewa. La kiranja, ambalo sasa liliitwa *Kiranja wa Maisha*, nalo hewa. Akazitazama rafu zile zilizojaa, akafikiria mtoto wa kwanza atakayenyoosha mkono kesho kutwa akavuta kitabu na kukuta ndani yake hamna kitu. Alikasirika. Mwanamke huyu ambaye hata kikohozi alikuwa anakiombea ruhusa, alikasirika mpaka akalifunga jalada kwa kishindo.

Watoto walipofika mchana aliwaambia walete hadithi zao zote. Wakakaa chini na gundi na sindano za kushonea viatu, wakashona Mchakato ndani ya majalada ya serikali mpaka karatasi zikaisha.

*

Siku yenyewe ikafika. Mlezi Mkuu aliingia akiwa amevaa shati la maua, kamera zikamfuata, na watoto wakaimba. Kitabu kutoka Ikulu hakikufika. Gari lililokibeba lilizuiwa na msafara wa Mlezi Mkuu. Waziri Pazi alianza kueleza, lakini Mtukufu ni mtu asiyependa makuu. Alinyoosha mkono kwenye rafu akavuta kilichokuwa karibu, akakaa kwenye kiti cha njano, akasoma jalada kwa sauti.

"*Kuku na Vifaranga Vyake Pamoja na Baba Yao Halali*."

Waziri akafumba macho, akangoja hewa. Badala yake akamsikia Mtukufu akiendelea:

"Mchakato ni mji mkubwa. Uko mbali kidogo. Maji yetu yako huko. Vitabu vyetu viko huko. Mwalimu wetu wa hesabu yuko huko, ana nyumba nzuri, lakini jioni hukaa barazani akitukumbuka. Waziri anajua njia. Siku moja atatupeleka."

Aliendelea kusoma mpaka mwisho, polepole, akifuata mistari kwa kidole. Nchi nzima ilikuwa inatazama. Bi Sikudhani aliegemea ukuta, akijiuliza nani atamlelea mama yake akifungwa. Mlezi Mkuu alifunga kitabu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Nani ameandika?"

Kidawa akanyoosha mkono.

"Mwanangu," akasema Mtukufu, "hata mimi miaka yote hii nimekuwa najiuliza Mchakato pakoje. Kila kitu cha nchi yangu kiko huko, na mimi sijafika." Akamgeukia waziri. "Pazi, mbona hujanipeleka?"

"Mtukufu, safari hiyo iko kwenye—" akasema waziri, akanyamaza.

Kwa mara ya kwanza alikuwa amekosa jibu. Mlezi Mkuu aliamuru kwamba mwisho wa mwezi yeye mwenyewe apelekwe Mchakato kuwatembelea wananchi wake wa huko. Na ukumbi, akasema, ubaki wa watoto mpaka atakaporudi na vitabu vyao. Asiporudi navyo, vijana wataingia. Komredi Chambuso aliliacha birika pale pale mlangoni.

*

Ningependa kusema kwamba serikali ilimweleza Mtukufu ukweli, lakini huko kwao hilo halijawahi kujaribiwa na wataalamu waliona si wakati wa majaribio. Ilikuwa rahisi zaidi kujenga mji. Wakatafuta uwanda mtupu nje kidogo ya mji mkuu, wakachomeka kibao kilichoandikwa KARIBU MCHAKATO, kisha mawaziri wakaulizana wataweka nini.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuonekana. Pampu za visima zilipatikana nyingi, nyingine mpya kabisa, kwenye mashamba ya wakubwa zikinywesha ng'ombe. Madawati yalitolewa katika kumbi za harusi. Ambulensi zilirudishwa kutoka kazi ya kubeba mkaa, zikaoshwa. Walimu wa hesabu waligunduliwa kwenye maduka ya waheshimiwa, wakihesabu soda. Vitabu vya Bi Sikudhani, yale marobota yote ya wachapishaji, vilikuwa majumbani mwa wajumbe. Kitabu cha fisi kilikuwa kimechakaa kwa kusomwa. Mjumbe wa Maghala alikuwa nacho chini ya mto, na inasemekana alipokitoa alilia.

Mlezi Mkuu alikaribishwa Mchakato kwa ngoma. Alifungua bomba akaona maji, akakanyaga lami ikamtii, akamsikia mwalimu akijumlisha. Alifika kwenye nyumba ya vitabu, akaambiwa vya watoto vitafuata nyuma yake. Alimwambia waziri kwamba siku hiyo ameamini, na kwamba kumbe yote aliyoambiwa yalikuwa kweli. Waziri Pazi alipewa nishani.

Mpango ulikuwa kubomoa mji jioni ile ile. Lakini malori yalikuwa kwenye msafara wa kumsindikiza Mtukufu, na madereva wakapitia karamu ya nishani. Asubuhi Mchakato palikuwa bado pamesimama.

Na watu walikuwa wamekwisha kuona kwenye televisheni. Walikuja na mikokoteni, baiskeli, punda, ndoo na kamba. Hawakuja kwa hasira hata kidogo. Walikuja kama mtu anayefuata mzigo wake stendi baada ya kupigiwa simu kwamba umefika. Mbele kabisa walikuwa watoto wa ukumbini, na nyuma yao Bi Sikudhani akihema.

Kwenye kibao alisimama Inspekta mmoja na askari wake.

"Shikamoo, afande," akasema Kidawa. "Tumefuata vitabu vyetu."

"Nani kakwambia ni vyenu?"

"Waziri."

Inspekta alipiga simu ya upepo. Swali likapandishwa ngazi kwa ngazi mpaka juu. Huko upande wa pili Waziri Pazi alikuwa kitandani na nishani yake. Akisema vitu vile si vya wananchi, basi alimdanganya Mtukufu mbele ya nchi nzima. Akisema ni vyao, vimekwenda. Alichosema ni kwamba suala hilo aulizwe aliyekuwepo siku ile ya utepe. Inspekta akamtazama Bi Sikudhani, mtu mzima pekee aliyekuwa karibu, akamuuliza kama anajua lolote.

Bi Sikudhani alisogea mbele ya watoto. Alikumbuka lile jibu lake la "mbali kidogo," na aibu yake.

"Nilikuwepo," akasema, na sauti ikatoka kubwa hadi akajishtukia. "Waziri alisema vitabu vya watoto hawa viko kwenye mchakato. Kibao chako hicho kinasomekaje, afande?"

Inspekta aligeuka, akakisoma kibao, akakisoma tena. Alikuwa askari mwadilifu aliyefundishwa kutii maandishi ya serikali. Akasogea pembeni. Kabla ya adhuhuri Mchakato palikuwa uwanda mtupu kama zamani, na nchini kote kulisikika visima vikikohoa maji.

*

Ukumbi ukajaa. Kufikia rafu za juu walilazimika kutumia ngazi. Hadithi za watoto zilibaki ndani ya majalada ya serikali kwenye rafu ya peke yake, na ndizo zilizoazimwa kupita zote. Komredi Chambuso alikuja kuchukua birika lake, akakaa kidogo kwenye kiti kifupi apumzike, akashindwa kuinuka. Kwa kukosa la kufanya alivuta kitabu cha yule kiranja. Alikuwa hajasoma kitabu tangu ujana wake, yaani ule wa kwanza. Alipofika ukurasa wa mwisho alikaa akautazama kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata aliandika barua ya kuacha ujana, na wataalamu bado wanatafuta sheria inayoruhusu.

Waziri Pazi hakufukuzwa, mtu hafukuzwi akiwa na nishani. Alipanda cheo. Akaja waziri mpya, msomi, na siku moja akatembelea ukumbi. Watoto walimuuliza habari za wenzao wa wilayani, ambao maktaba zao zilikuwa na rafu tupu vilevile. Waziri mpya alikuwa amepewa semina. Alionywa kwamba lile neno la zamani lisitamkwe tena mbele ya wananchi kwa sababu za usalama.

"Wanangu," akasema akitabasamu, "vitabu vya wilayani viko kwenye upembuzi yakinifu."

Kidawa alikunja uso kidogo, kisha akamgeukia Bi Sikudhani.

"Mama, huko Upembuzi ni mbali?"

Bi Sikudhani alimtazama waziri, ambaye alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya kamera. Akafungua droo, akatoa funguo za kufungia ukumbi.

"Hapana, mwanangu, si mbali," akasema. "Waambie wenzako waje na magunia."